Mbuzi wa Ntheo

Munguti aliyasema hayo akiwa ameshika kikombe cha chai ya Kavata, tena ya maziwa matupu, na hakuona haya hata kidogo.

"Nyumba ni ya Mulei," alisema. "Ploti ni ya Mulei. Kuku, viti, hata pesa ya mboga unayouza hapo stage ya matatu, yote ya Mulei. Ndugu yangu akienda, hiyo ni mali ya kwetu. Wewe mbuzi zako tulikula wapi?"

Miaka thelathini na kitu Kavata alikuwa ameishi na Mulei hapo Kitengela. Walijenga chumba baada ya chumba, wakasomesha watoto wawili na kumzika mmoja, lakini mbuzi watatu wa ntheo, wale mume anaopeleka kwa wazazi wa mke ili ndoa itambuliwe, hawakuwahi kufika kwao Kavata. Na kwa Wakamba, bila hao watatu, mwanamke ni mgeni tu aliyekawia kuondoka. Mulei alisema Desemba. Desemba ikifika, alisema Pasaka. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alimwambia bila kuzunguka, na mtu mwenyewe alilala chumbani akisema kwa upole, "Vyote ni vyako, Kavata."

"Andika basi."

"Kuandika wosia ni kuita kifo."

Lo! Kifo kilikuwa kimeshavua viatu mlangoni. Kavata alikasirika hadi akafagia uwanja mara mbili. Siku ya soko ilipofika, akaenda soko la mifugo la Bisil.

"Takwenya, mama," Katoo, mfugaji aliyekuwa akiuza mbuzi, alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Kavata aliitikia salamu hiyo. "Nataka mbuzi tatu. Zisiwe na kilema."

"Ni za matanga?"

"Hapana. Ninaolewa."

Katoo aliangalia zile mvi. "Na nani?"

"Na bwana yangu."

Katoo alifikiri kidogo, kisha akamchagulia wanono.

Nduguye Kavata, Mwololo, aliishi Kajiado, na yeye ndiye angepokea mbuzi kwa kuwa baba yao alishafariki. Mbuzi walipita Kajiado bila kushuka, wakapelekwa hadi Kitengela, kwa sababu ntheo hutoka kwa mume. Wakalala hapo. Jumamosi Kavata akampigia simu Munguti, kaka mkubwa wa Mulei na mwenye pikapu.

"Kuna mbuzi za kupeleka kwa Mwololo. Mulei pia anaenda. Kutakuwa na nyama."

Munguti alisikia nyama. Hayo mengine hakuyauliza, na hilo ndilo kosa lake.

Huko Kajiado aliwashusha mbuzi mwenyewe, maana Mulei hangeweza hata kushika kamba. Akaingia nao kwenye boma, akakuta wazee wa ukoo wa Kavata wameketi wakimngoja.

"Karibu, Munguti," alisema Mwololo. "Umetuletea nini?"

"Mbuzi."

"Za nani?"

"Za Mulei."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo Munguti alipozihesabu zile kamba: tatu, hesabu ya ntheo. Uso ukambadilika.

"Kavata," Mwololo aliita, "mbuzi za Mulei zimekuja. Tuzile?"

Akisema kuleni, amekubali kuolewa; na kwa desturi mwenye kujibu swali hilo huwa ni msichana anayeinamisha kichwa. Kavata alikuwa na zaidi ya miaka sitini na goti bovu. Alimtazama Mulei, ambaye koti lilikuwa limemzidi kila upande, na hasira ya miaka yote ikampanda.

"Aongee yeye kwanza," alisema.

Mulei akainuka kwa shida. Sasa mtu huyu, ambaye hakuwahi kuharakisha kitu maishani, akaamua leo awe mkweli.

"Nimechelewa," alisema. "Naona aibu. Na mbuzi zenyewe alinunua Kavata."

Mwololo akakuna kidevu. Munguti akapata uhai upya.

"Mmesikia! Mwanamke amejinunulia ntheo! Hiyo haihesabiki!"

"Munguti," alisema Kavata polepole, "ile siku ukinywa chai yangu, ulisema pesa yangu ya mboga ni ya nani?"

Munguti akageuka kuangalia pikapu yake.

"Sema tu. Wazee wasikie."

"Ya Mulei," alisema Munguti, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Na mimi nilinunua na hiyo pesa."

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Mwololo alimgeukia dada yake mara ya pili. "Tuzile?"

Kavata alichukua muda wake. Alikuwa amesubiri vya kutosha, acha nao wasubiri.

"Kuleni."

Mbuzi mmoja akachinjwa. Munguti alikataa nyama kwa dakika chache, kisha harufu ikamshinda, akala mbavu mbele ya kila mtu, mchana kweupe. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza mbuzi wa Kavata waliliwa wapi.

Kavata akaketi karibu na Mulei, akawa anamkatia vipande vidogo. Mulei akala viwili, akampa mkono.

"Sasa hata nikifa, niko na amani," alisema.

Machozi yakamtoka Kavata, akayafuta kwa leso, akamsogezea sahani.

"Ngoja kwanza," alisema. "Mimi nimeolewa leo tu."