Tatu Ndiyo Haki ya Mfrisia

Kompyuta ilizimika kwa mara ya tatu wakati Okka Poppinga anaandika maneno ya bahili wa mchezo wake wa kuigiza anayemkana mwanawe. Kioo kikawa cheusi tii, feni ikakohoa, ikanyamaza, na Okka akabaki akitazamana na sura yake mwenyewe humo kiooni, miwani puani na mdomo wazi. Akatukana. Alitukana kwa lugha ya nyumbani, ile ya Wafrisia wa pwani ambayo wajukuu wa mjini hawaijui, na ambayo kwa matusi haina mpinzani.

"Imekufa tena?" akauliza Weert, mumewe, aliyekuwa akimenya viazi karibu na dirisha.

"Imekufa."

"Basi izikwe. Mpigie mchungaji, mimi nitachimba kaburi."

"Weert, usinichokoze leo."

Maandishi yalikuwa salama kwenye flashi, maana Okka alikwisha kuwa mwoga wa ile mashine kama mtu aliyeumwa na mbwa. Lakini sehemu ya mwisho ya mchezo ilikuwa bado, na Ijumaa kikundi kizima kingekaa kwenye ukumbi wa zimamoto kuusoma kwa pamoja. Kila msimu wa baridi kijiji kinacheza mchezo kwa lugha ya nyumbani, na kila mwaka anayeandika ni Okka. Mwaka huu aliandika kisa cha mwenye duka bahili, na mtu wa kumwigiza alikuwa mmoja tu, Habbo Tjaden. Hakuna kijijini mwenye sauti kama ya Habbo. Akinong'ona, wa viti vya nyuma wanasikia.

Sasa balaa lilikuwa hili: Habbo huyo huyo ndiye mwenye duka la kompyuta, na ndiye aliyemuuzia Okka kompyuta hii majira ya kuchipua. Mara ya kwanza ilipozimika aliichukua, akaifungua, akabadili kidude fulani, akairudisha akitabasamu. Ya pili vivyo hivyo, na tabasamu likiwa pana zaidi. Na sasa tena.

Wengine wangesema, si arudishe tu mashine adai pesa zake? Wanaosema hivyo hawamjui Habbo akinuna. Mwaka ule mke wa mwoka mikate alipocheka wakati Habbo analia jukwaani, Habbo hakununua mkate kwao hadi Pasaka. Alikuwa akipanda baiskeli kwenda kijiji cha pili, mvua ikimnyeshea, arudi na mkate uliolowa. Mtu wa namna hiyo ukimrudishia bidhaa yake kwenye kaunta, atabaki kwenye mchezo wako? Na asipobaki yeye, mchezo wenyewe unabaki?

"Hebu niambie," Weert akasema, "sheria inasemaje? Si ulipiga simu kule kwa watetezi wa wanunuzi?"

Alikuwa amepiga. Alipokelewa na mwanamke mwenye subira, akaelezwa taratibu kama anayefundishwa kufunga kamba za viatu. Anayebeba mzigo si kiwanda, ni aliyekuuzia. Kitu kikiwa kibovu muuzaji ana nafasi ya kukitengeneza. Akijaribu mara mbili na ubovu ukabaki, unaweza kumrudishia mali yake ukachukua pesa zako. "Na akisema atanifanyia kwa wema tu?" Okka aliuliza. Yule mwanamke akacheka. "Si wema, mama. Ni haki yako." Okka alishukuru sana, akajiona simba, na usimba wenyewe ukaisha pale pale alipokata simu.

"Sheria inasema mara mbili zinatosha," akamjibu mumewe.

"Basi nenda."

"Huelewi wewe."

"Naelewa. Sheria huiogopi. Unamwogopa Habbo."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilimuudhi. Kwetu huku mtu hapigi kelele upepo ukimng'olea paa, lakini kumwambia jirani kwamba mkate wake umeungua, hapo anashindwa. Atautafuna tu na kusifu chumvi. Okka akavaa koti, akaitia ile mashine kwenye mfuko pamoja na risiti, akapanda baiskeli. Njia nzima upepo ulimsukuma kifuani kumrudisha nyumbani, na nusura aukubalie.

"Moin," akasema alipoingia.

"Moin," akajibu Habbo. Kisha akauona mfuko. "Usiniambie."

"Sikuambii. Fungua mwenyewe."

Habbo hakufungua. Alikwenda kuwasha birika. Hata nyumba ikiungua, hapa kwetu moto utasubiri watu wanywe chai kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani Okka aliuona utaratibu huo kuwa wa kipumbavu. Wakaketi nyuma ya kaunta, kati ya waya na maboksi. Habbo akatia pande la sukari ya mawe katika kila kikombe, akalimiminia chai, sukari ikapasuka kwa mlio mdogo, halafu akateremsha krimu ukingoni bila kukoroga. Alikuwa fundi wa chai, hilo hakuna aliyembishia.

Kikombe cha kwanza kilikwenda kwa habari za upepo na za goti la Weert. Habbo akaeleza jinsi anavyotaka kuingia jukwaani, akiburuta mguu, kwa sababu bahili hanunui viatu vipya. Okka akacheka kwa dhati. Alifurahi, kisha akaona uchungu, maana alijua anakaribia kuyaharibu yote hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Kikombe cha pili kilipofika katikati akajikaza.

"Habbo, nataka kuirudisha."

"Nitaitengeneza."

"Umeshaitengeneza. Mara mbili."

"Kwa hiyo imebaki moja!" Habbo akafurahi kama mtu aliyeona mlango kwenye ukuta. "Okka wangu, wewe tena wa kusahau? Tatu ndiyo haki ya Mfrisia!"

Msemo huo asili yake ni chai. Mgeni haachiwi kuondoka bila kunywa vikombe vitatu, na mwenyeji asiyemimina cha tatu hana adabu. Lakini watu wa huku wameuburuta hadi kila mahali, hadi kwenye bia na kwenye ndoa, na golikipa akifungwa mabao mawili wanamwimbia huo huo. Okka mwenyewe aliutia katika kila mchezo aliouandika, na kila mwaka ukumbi ulicheka. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Angemjibuje? Kwamba mwanamke mmoja kwenye simu, pengine mtu wa mji wa mbali kama Hannover, amesema mbili?

Habbo alikwisha kunyanyua birika kummiminia cha tatu. Alikuwa na uso wa ushindi, mwema, usio na hila yoyote, na hapo ndipo Okka alipoona kwamba asipomkatalia sasa hatamkatalia milele. Ataipeleka mashine, atairudisha, ataipeleka, na Habbo atakuwa akitabasamu, na yeye atakuwa akimchukia kidogo kidogo, kwa adabu.

Akachukua kijiko kwenye sahani, akakisimamisha ndani ya kikombe.

Kijiko ndani ya kikombe maana yake ni nimetosheka, usimimine. Baada ya cha tatu ni ustaarabu. Baada ya cha pili hufanya hivyo watalii tu, nao husamehewa kwa kuwa hawajui walitendalo. Habbo aliganda, birika hewani.

"Okka. Unaumwa?"

"Siumwi. Mbili zimenitosha, Habbo. Za chai na za kompyuta."

Habbo akaliweka birika chini polepole juu ya kishumaa chake cha kutunza joto. Akakitazama kile kijiko, akamtazama Okka, akakirudia kijiko.

"Ungekuwa mtu wa Munich ningekusamehe."

"Ningekuwa mtu wa Munich ningekuja na wakili."

Kona ya mdomo wa Habbo ilicheza, ikatulia. "Sikiliza basi. Tufanye hivi, mimi na wewe, kirafiki. Kwa wema wangu tu nakupa nyingine, tena—"

"Sitaki wema wako."

"Mbona unakuwa mkali hivyo?"

"Kwa sababu naogopa, ndiyo maana!" Sauti ya Okka ilipanda kuliko alivyokusudia. "Ukinifanyia wema, nitakuwa na deni. Kila nikikuandikia mstari usioupenda utaniangalia hivi, kama unavyoniangalia sasa, nami nitaufuta. Nipe kilicho changu kwa sababu ni changu. Hapo hakuna wa kumshukuru mwenzake wala wa kumnunia, na Ijumaa tunaonana kama kawaida."

Upepo ulitikisa kibao cha duka nje. Habbo alijikuna kidevu kwa muda mrefu.

"Unadhani ni pesa," akasema hatimaye, na safari hii sauti yake haikufika popote. "Si pesa. Aliyeniuzia mimi atanirudishia, naye ana wake wa kumdai. Linaloniuma ni kwamba nimeifungua mara mbili na sikuona ugonjwa. Kompyuta za kijiji hiki zote zimepita mikononi mwangu, hata ya mchungaji iliyomwagiwa divai. Hii inanicheka. Mtu akirudisha kitu hapa dukani, naona kama ananirudisha mimi."

Okka hakutegemea hilo. Alikuja amejiandaa kwa kununa, si kwa aibu, na moyo ukamlainika kiasi kwamba angeweza kuichukua mashine yake mbovu akaenda zake. Lakini kijiko kilikuwa kimesimama kikombeni, hakuna tena kurudi nyuma.

"Mimi narudisha mashine, Habbo. Wewe nani atakurudisha? Risiti yako ilipotea zamani."

Kifua cha Habbo kikaanza kutikisika, kisha akacheka kwa ile sauti yake ya jukwaani hadi vikombe vikalia. Okka naye akacheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa utani. Wakafanya kama inavyotakiwa: risiti ikatazamwa, mashine ikapokelewa, pesa zikatoka zote bila kukatwa hata senti. Habbo hakusema "kwa wema", na Okka hakusema asante zaidi ya ile mtu anayompa mkata tiketi. Lilikuwa jambo la ajabu, kuwa wakavu namna hiyo kwa kusudi, na kujisikia vizuri.

"Haya," Habbo akasema, "sasa utakwenda kwenye lile duka kubwa la Oldenburg."

"Kwa upepo huu? Wewe huuzi kompyuta tena?"

Habbo alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Habbo akashusha moja rafuni, akaiwasha, akaipiga kofi dogo ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe, akamwambia hii haitamwangusha. Okka akasema ikimwangusha atakuja tena, na asubuhi, kabla ya chai. Akalipa. Habbo akauliza kama anataka risiti. Okka akamjibu kwamba ataitia kwenye fremu aitundike sebuleni juu ya picha ya harusi.

Habbo akamsindikiza hadi mlangoni, akaushika mlango usichukuliwe na upepo. Okka alikuwa ameshafunga mfuko kwenye baiskeli alipomwona bado amesimama pale, ana neno.

"Yule bahili wako," Habbo akasema. "Mwenye duka. Ni mimi?"

Angeweza kukana. Jana angekana.

"Hakuwa wewe," akasema. "Tangu ilipozimika mara ya pili, amekuwa wewe kidogo."

Habbo akalipokea hilo, akaligeuza kinywani kama anayeonja chai. Okka alisubiri, mikono imekaza usukani.

"Basi mwishoni usimfanye arudishe pesa," Habbo akasema kwa makini. "Watu hawataamini, wataona mimi ndiye sijui kuigiza."