Fito Nane za Baba

Kila simu ya kafili wake, yaani mwajiri wake aliyemwita baba, ilipolia kutoka Riyadh, Nahashon alizidi kuchanganyikiwa. Kwanza baba alitaka fito nane za kuvulia, zote urefu mmoja. Nahashon, dereva wa watu asiyewahi kuvua hata dagaa, akazinunua. Kisha baba akasema la, za pembeni mwa boti ziwe ndefu na za katikati fupi, nyuzi zisije zikasokotana. Akarudi dukani kuzibadilisha. Jioni amri ikageuka: fupi pembeni, ndefu katikati!

"Kwani samaki wanajua futi?" alimuuliza Wangari, mpishi wa nyumba ya baba pale mtaa wa Aziziya, mjini pwani.

"Wewe fanya unavyoambiwa," Wangari akamjibu. "Utamaliza lini kuuliza?"

Alfajiri ya Ijumaa, baba akiwa amekwisha kuwasili, katika pilikapilika za kupakia, mlango wa gari ukabana ufito mmoja, ukauvunja nusu. Maduka yalikuwa yamefungwa. Nahashon akafunga mshipi kwenye kile kipande na kukichomeka mwisho kabisa wa boti.

Wakang'oa nanga na baba kutoka gati la Ruwais. Fito saba zikatulia kimya. Kile kipande kikapinda, kikaleta changu mnene, kisha wa pili, kisha wa tatu.

Baba alikikagua, akakipima kwa shubiri. Nahashon akafumba macho, akingoja kufokewa.

"Si nilikwambia tangu mwanzo?" baba akasema, akimpa kisu. "Zote urefu mmoja. Yalla, haya, kata hizo saba."