Nyota Niliyoipandisha

...na wewe mzee usinitolee macho kutoka humo kwenye fremu ya picha yako, kama huamini shauri yako, aliyenifundisha ni wewe na aliyekufa ni wewe, mimi nipo hapa kwenye kiti chako kinachoniumiza mgongo, nasema nyota haikupanda mwanga, imeshuka, miaka yote mitatu inashuka na mimi naandika imepanda, imepanda, imepanda, kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la saba, na sasa kitabu cha vipimo kiko mbele yangu kimefunguliwa ukurasa wa mwisho, kalamu juu yake, weka jina lako hapo chini Bi Jicho, kasema profesa huyu aliyerithi ofisi yako, halafu simu ikalia, kageukia dirishani, ndiyo, ndiyo, miaka mitatu mfululizo, anacheka, jicho la bibi huyu halijawahi kudanganya... Bi Jicho, jina ulinipa wewe, siku uliponikuta na ufagio kwenye ngazi za mnara wa kutazamia nyota nikakuambia ile nyekundu leo imemzidi mwanga mwenzake wa kushoto, jana walikuwa sawa, ukaninyang'anya ufagio ukanipa penseli, miaka arobaini na moja sasa, nyota moja, mume hakutazamwa hivyo, na alilisema kabla hajaenda zake, ungenitazama mimi hata nusu ya unavyolitazama hilo jitu la angani, nikamwambia wewe hubadiliki, nitaandika nini... Uliniambia nyota kubwa zikizeeka hazisinyai kama sisi, zinavimba, moyoni kuni zimekwisha lakini mwili unafura, unakuwa mwekundu, unahema, unajichuna ngozi kidogo kidogo na ngozi inageuka masizi na masizi yanaufunika uso wenyewe, nikasema kumbe hata huko juu uzee ni uchafu, ukacheka mpaka ukakohoa, lakini nyota ikizeeka watu wanapanda ndege kwenda kuijadili, mwanamke akizeeka anaambiwa asogeze kiti watu wapite... ndiyo, anasema profesa dirishani, yule mwanafunzi tunamalizana naye leo saa tano, alitunga namba... na mwanafunzi huyo ni mtoto wa nyumbani kwangu, yuko nje kwenye benchi la korido, naona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango, hakisogei, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka sita, akasoma mpaka akaja hapa hapa kuipima nyota yangu kwa kamera, na kamera ikasema inafifia, masizi yanaizidi, ile ile hadithi yako mzee, profesa akasema kamera ni nzima basi mbovu ni anayeishika, akaniita, Bi Jicho unasemaje, nami nikasema andika nilichoandika mimi. Maneno matatu. Mtoto kasimama pale mlangoni anasikia. Na nyumbani kabla ya hapo aliniambia taratibu, mama mdogo, jicho lako limechoka, twende hospitali kwanza, nikamjibu nilianza kuitazama nyota hiyo mama yako hajakuzaa, akaosha vikombe viwili akavifunika... na aliyenipeleka hospitali mwishowe ni yeye, baada ya kuitwa mwongo kwa kinywa changu, akanishika mkono kwenye ngazi nikamwambia asinivute, wakanitoa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia, jicho langu la kazi, bandeji ilipotoka koti la daktari lilikuwa jeupe mpaka likaniudhi, nikalifumba jicho hilo nikamtazama kwa la kushoto, koti likawa rangi ya chai ya maziwa, nikafungua, jeupe, nikafumba, chai, akauliza unacheza mchezo gani bibi, nami nikaendelea kufumba na kufungua, maana zile nyota mbili za pembeni ninazopimia mwanga wa jitu ni nyeupe, zina ubuluu kidogo, na chai ya jichoni ilikuwa inazinywa zenyewe, jitu jekundu inaliacha, majirani wakichuchumaa aliyesimama si ataonekana mrefu? Nikatoka uani usiku ule, jicho la kulia, mwanga wa jitu uko chini ya wote wawili, jicho la kushoto, uko juu yao. Wiki tatu zimepita. Wiki tatu namwona mtoto anakunywa uji wake amenipa mgongo, na sijasema, kwa sababu wakijua miaka mitatu ni mibovu watauliza, je, wa nne? na mtoto wa jicho hapigi hodi siku anayoingia, nitasema nini, mitatu tu, niitoe mitatu yake na mingine ibaki yangu... mitatu, ndiyo, mitatu inatosha kumwokoa... lakini shuka. Shuka zile. Mwaka aliomaliza shule, nilimfokea kwamba hazikutakata, zina manjano, mvivu wewe, akazirudia, nikasema bado, akazirudia mara ya tatu na maji ya buluu mpaka viganja vikamchubuka, akazianika akasema mama mdogo ni nyeupe, nikasema unanifanya kipofu? Miaka minane. Kumbe miaka minane ananiambia kitu kile kile, kwanza kwa shuka, halafu kwa nyota, na mimi kila mara namrudisha kwenye beseni... Kalamu hii nzito. Narudi nyuma kurasa, mwaka jana, juzi, ule wa kumzika mlinzi wa mnara, mwandiko mzuri, mistari imenyooka, uongo umenyooka, mpaka mwaka wa shuka, hapo, naandika pembeni, kuanzia hapa jicho langu bovu, mtoto alipima sawa, naweka jina, jina langu la shule, si lile ulilonipa. Kurasa za miaka minane zimekwenda na maji. Miaka thelathini na tatu imebaki na hiyo nayo wataitilia shaka, na watakuwa na haki, ningekuwa wao ningeichoma. Usinitazame hivyo mzee. Nakiacha kitabu wazi, kalamu juu ya maneno, profesa atakuta akimaliza simu, hajageuka bado, kisogo chake kinang'aa dirishani, ndiyo, anasema, ndiyo, bibi ni mzee kweli lakini jicho lake, jicho lake halijawahi... goti linalia, nasimama, vile viatu chini ya mlango havijasogea, sijui nitaanzaje, pole ni neno dogo na sijalizoea, labda nitakaa tu kwenye hilo benchi, mwisho kule, nimwachie nafasi ya kuinuka akitaka. Natoka, naurudisha mlango.