Mshipa wa Verlyn

"Si mbaya sana," Verlyn Tollefsrud alimjibu nesi wa mapokezi hospitalini, jasho likimtiririka mpaka shingoni.

Ardis, mkewe, alitamani kumzaba kibao. Tangu majani yalipoanza kupukutika, daktari alikwisha kuwaonyesha picha: mshipa mkuu, ule unaotoka moyoni ukapinda kushuka mgongoni, umevimba pale mwanzoni kabisa. Asinyanyue kitu kizito mpaka apasuliwe. Na asubuhi hii mzee mzima kabeba beleshi kwenda kuzoa theluji ya jirani, eti jirani ana mafua! Wanaume wa Minnesota, huku kaskazini mwa Marekani, ndivyo walivyo. Kumsaidia mtu hawangoji kuombwa, lakini kusema "naumwa" kwao ni fedheha.

"Kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi?" nesi aliuliza.

"Tatu hivi. Wahudumie kwanza walio hoi."

Nesi akaandika tatu, akamwonyesha viti vya kungojea.

"Tatu?" Ardis alipaza sauti, watu wakageuka. "Binti, huyu alikatwa kidole na mashine ya mahindi, akamaliza kuvuna ndipo akaja hospitali. Akisema tatu, ujue anakufa!"

"Mama, tafadhali, mwache mgonjwa ajibu mwenyewe."

"Ajibu nini, na mdomo kaushona? Verlyn, mwambie ulichoniambia garini."

"Ardis, unatutia aibu. Watu wanatuangalia."

"Na watuangalie! Sema!"

Verlyn akainamisha kichwa. "Nilisikia kama kitu kimechanika. Kifuani, halafu kikahamia mgongoni."

Nesi akaacha kuandika. Akampima presha mkono wa kulia, kisha wa kushoto; zilipishana mno. Hapo ndipo manesi na madaktari walipoanza kukimbia. Picha ikaonyesha ukuta wa ndani wa mshipa umechanika, na damu inajipenyeza katikati ya kuta zake. Apasuliwe sasa hivi.

Ardis alifuata kitanda cha mumewe kikisukumwa kwenye korido, bado anafoka. "Beleshi! Na mafua ya watu! Ukipona nitakuua mwenyewe, unanisikia?"

Verlyn akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu.

"Ardis," alisema, "naogopa."

Maisha yao yote Ardis alimsihi mume huyu aseme kweli, na sasa milango ya chumba cha upasuaji ikifunguka, alitamani Verlyn angemdanganya kidogo tu.