Maharage Kumi ya Mwalimu Atuganile

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya fomu ya ruzuku.

Fomu yenyewe ilikuwa mezani kwangu. Mwalimu Tumpe aliileta jana alasiri, akakataa chai, akakaa ukingoni mwa kiti. Ni ruzuku ya walimu wanaofanya utafiti katika madarasa yao wenyewe. Mke wangu Atuganile alikuwa ameanza kuijaza mwezi Machi, akaugua. Sasa Tumpe, aliyeachiwa darasa lake la nne, anataka kuimalizia kwa majina yao wawili, na mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Anachohitaji ni madaftari ya Atuganile, ya miaka miwili, ambayo nimeyafungia sandukuni tangu tulipoanua matanga yake.

"Shemeji, bila yale madaftari sina la kuandika," alisema.

Nikalitazama sanduku. Akaniaga.

Nieleze kwanza yana nini ndani. Atuganile aliona kwamba mwalimu akishauliza swali hangoji. Humchagua aliyetangulia kunyoosha kidole. Kwa hiyo mwaka mzima hujibu wale wale wanne. Basi akaanza kutia maharage kumi katika mfuko wa kulia wa sweta lake. Akiuliza swali, anahamisha moja moja kwenda mfuko wa kushoto, polepole, na hakuna anayejibu mpaka yaishe. Kisha anaandika daftarini wamejibu wangapi, nao huzidi wale wanne, anayarudisha kulia, anauliza lingine. Siku moja nililifua sweta, nikayakuta, nikayapika. Hakunigombeza. Jioni nilisoma alichoandika: "Leo punje za mahindi. Matokeo ni yale yale."

Sweta liko bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Kila jioni natia mkono mfuko wa kulia na kuhesabu. Jana yalikuwa kumi.

Sasa ndoto.

Natembea ndani ya kisanduku namba tatu. Ni chumba cheupe, sakafu yake ina mistari ya nukta. Juu ya dawati ameketi Muhuri, mguu wake mmoja umelowa wino wa zambarau. Ananiomba nivue viatu. Yeye, anasema, havai kabisa kwa sababu za kikazi.

Ananieleza kwamba maelezo ya mtafiti yasizidi maneno mia mbili. Nafungua mdomo kumweleza Atuganile alikuwa nani, na maneno yanaangukia kwenye mizani. Mia mbili yanatimia kabla sijafika siku tuliyokutana. Yaliyozidi Muhuri anayafagia, anayatia ndani ya dumu, anaandika jina langu juu yake. Nitayachukua wakati wa kutoka.

Kanuni ya pili inasema fomu iambatanishwe na mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu analetwa, anabanwa kwa pini kwenye kona ya juu kushoto. Ananisalimu, ananipa pole ya msiba. Anasema pini haiumi, ila asingependa kukunjwa.

Kanuni ya tatu: mwombaji aonyeshe pengo ambalo utafiti wake utaliziba. Nasema silijui. Muhuri ananielekeza sakafuni. Pengo liko karibu na ukuta, limezungushiwa kamba, na upana wake ni wa kiti kimoja. Nachungulia. Chini ni jikoni kwangu. Kiti cha Atuganile kimesukumwa mezani kama nilivyokiacha.

"Hili si la darasani," nasema.

"Fomu haiulizi ni la wapi," anajibu Muhuri.

Mara hatumo tena kisandukuni, tumo Darasa la Nne. Mvua ya hapa kwetu Tukuyu inapiga bati. Nimekaa dawati la nyuma, magoti yamenifika kidevuni, na watoto wananiona mwenzao tu. Mwalimu mkuu yuko juu kwenye kona ya ukuta, bado amebanwa. Atuganile anaandika ubaoni, amevaa sweta lake la kijani. Muhuri, sasa amekaa begani kwangu, ananinong'oneza kwamba fomu inataka mtafiti awepo hadi mwisho wa mradi, na sehemu hiyo haijajazwa.

"Gwakisa," anasema Atuganile bila kugeuka. "Madaftari yangu yanafanya nini sandukuni?"

Watoto wanne wa mbele wananyoosha vidole. Atuganile hawachagui. Anatia mkono mfuko wa kulia.

Harage la kwanza. La pili. Tangu msiba watu wameniuliza mengi, na wote wakanijibia. Kaka yangu alijibu azikwe wapi. Dada yangu alijibu nguo zigawiwe lini. Hawakuwa wabaya, waliniona nimenyamaza, wakadhani sina jibu. La nne. La tano. Mtoto niliyekaa naye ananisogezea kifutio chake, labda kitanifaa. La saba. Siku niliyokwenda kumwambia Atuganile nataka kumuoa, nilikaa kwao kimya mpaka chai ikapoa. Alisubiri. Akaipasha moto, akasubiri tena. La tisa.

La kumi.

Nasimama. "Nimeyafungia kwa sababu mwandiko wako umo," nasema. "Nikiyatoa, mtu mwingine ataandika humo."

Hasemi kitu. Kwa jibu ambalo halijaisha huwa hasemi kitu.

"Lakini umeacha kurasa tupu," nasema. "Asubuhi nampelekea Tumpe."

"Mpigieni makofi matatu."

Watoto wanapiga, pa, pa, pa. Mwalimu mkuu anajitahidi, ila mkono mmoja uko chini ya pini. Muhuri anaruka kutoka begani kwangu, anatua kwenye ile sehemu ya fomu iliyokuwa wazi, anaacha alama ya zambarau. Kisha ananikabidhi dumu langu la maneno na kunishauri nisiyamalize kwa siku moja.

Ubaoni, Atuganile anaweka chaki chini. Anaanza kugeuka.

Hapo nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka, na mvua ilikuwa inanyesha kweli. Nilitafuta ufunguo, nikafungua sanduku. Madaftari yalikuwa sita. Nilisoma ukurasa mmoja tu, nikayafunga ndani ya kanga ya Atuganile yasilowe, nikaweka fomu juu. Nilitaka kumkuta Tumpe kabla ya kengele ya kwanza.

Mlangoni, kwa mazoea, nikatia mkono katika mfuko wa kulia wa sweta. Ulikuwa mtupu. Nikatia kwenye wa kushoto. Yalikuwemo, yote kumi.