Chumba cha Upande wa Tennessee

Nyumba ya Oneida Stallard ilikuwa imekwisha kusimama miaka mingi wapimaji walipokuja kuusahihisha mpaka wa majimbo mawili, nao mpaka huo ukapita katikati ya jiko. Ukumbi, chumba cha kulala na sanduku la barua vilibaki Virginia. Nusu ya jiko na chumba kidogo cha cherehani vikaangukia Tennessee. Kwa miaka thelathini na tisa ya ndoa jambo hilo lilikuwa la kuchekesha tu: mumewe, Garnett, alizoea kuwaambia wageni kwamba mkewe humpikia katika jimbo moja na kumgombeza katika jingine.

Sasa zilikuwa zimepita siku hamsini na tisa tangu Garnett afariki, na mzaha ule ulikuwa umeota meno.

Bima ya afya waliyoitegemea ilitoka katika karakana ya reli alikofanya kazi, nayo ilikoma alipofariki. Sheria ilimpa mjane siku sitini za kununua nyingine. Zikipita, angengoja hadi mwaka mpya. Oneida alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na vali ya moyo iliyohitaji upasuaji, ambayo, kwa maneno ya daktari wake, haikuwa na nia ya kuuona mwaka mpya. Daktari huyo, aliyeujua moyo ule kwa miaka kumi na miwili, alifanya kazi katika hospitali ya Tennessee, mwendo wa dakika ishirini. Bima zilizouzwa upande wa Virginia, katika wilaya ile, hazikulipa hata senti moja ng'ambo ya mpaka.

Dreama Rasnick, wakala wa bima mwenye leseni ya majimbo yote mawili, aliketi jikoni akiwa na fomu mbili mbele yake. Utotoni alifundishwa na Oneida katika shule ya Jumapili, na hata leo, mwenye mvi zake, hakuthubutu kuweka viwiko mezani.

"Mwalimu, nimepiga simu ofisi za pande zote mbili," alisema. "Jibu lao ni moja. Nyumba ikikatwa na mpaka, mtu huhesabiwa mkazi wa pale anapolala."

"Basi andika kwamba nalala Tennessee."

"Kwani unalala Tennessee?"

Oneida alikoroga kahawa iliyokwisha kupoa. "Andika tu, mtoto wewe. Nani atakuja kunichungulia kitandani?"

"Hakuna, mpaka siku watakapoletewa gharama ya upasuaji. Hapo watamtuma mtu. Akikuta kitanda kiko Virginia, hawalipi, na wewe umeshapasuliwa. Halafu ni wewe uliyeninyima keki ya Pasaka nilipodanganya kuhusu yai moja."

"Yalikuwa mayai matatu."

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu ulikuwa umekata hata jiko la watu. Ikabaki njia moja, kukihamisha kitanda. Akaitwa Hobart, kaka mkubwa wa marehemu, akaja na sanduku lake la vifaa.

"Shemeji, leo nakuhamisha jimbo bila gari!" alitangaza mlangoni.

"Wewe? Hujawahi kujihamisha hata kutoka kwenye kochi."

Hobart alicheka, akaingia chumbani, akapiga magoti. Alipoinuka hakuwa akicheka. Garnett alikiunda kitanda kile humo humo chumbani, kwa mbao za mjozi, akazipachika kwa vigingi na gundi. Upana wake uliupita mlango kwa shubiri nzima.

"Ndugu yangu alijenga kiota, hakujenga kitanda," alisema. "Hiki hakitoki ila kwa msumeno."

"Msumeno huo ukikigusa, Hobart, wa pili kukatwa utakuwa mkono wako."

Mbao hazikuwa kisa. Kila alfajiri, kabla hajaamka sawasawa, mkono wa Oneida ulikwenda wenyewe upande wa kushoto kumtafuta Garnett. Ulikuta shuka baridi, kila siku. Lakini kwa ule muda mfupi ambao mkono ulikuwa bado safarini, Garnett alikuwa hai. Hilo hakumwambia mtu, hata mchungaji.

Dreama alisimama kando yake kizingitini. "Kitanda na kibaki, Mwalimu. Kule darini kuna kile cha chuma cha mama mkwe wako. Tunakuomba uhame wewe tu."

"Ni hatua kumi na nne mpaka chumba cha cherehani. Nimezihesabu."

"Ni nyingi?"

"Ni nyingi mno."

Dreama alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Ningetaka kuuza tu, ningekuuzia ile ya Virginia, nikaenda zangu. Mimi nataka uwepo Pasaka ijayo. Hata ukinigombeza."

Oneida alimgeukia Hobart. Alimwambia akipanguse vumbi kile cha chuma kabla ya kukiingiza chumbani mwa watu.

Kabla jua halijatua kitanda kilikuwa kimetandikwa. Oneida aliitaka fomu; Dreama akaitia mkobani. "Siandiki mahali anapolala mtu kabla hajalala. Nitakuja kesho asubuhi. Siku ya sitini nayo ni siku."

Alfajiri mkono ulikwenda kushoto kama desturi yake, ukagonga ukuta wa mbao. Oneida alishtuka, akaupapasa ule ubao mkavu, asijue yuko wapi. Alipojua, alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Kisha akalala tena mpaka jua likamkuta.

Dreama alifika na mikate ya moto ndani ya kitambaa. Alikaa, akafungua kalamu, akauliza kwa sauti ya kiofisi, "Umelala wapi, Bi Stallard?"

"Tennessee."

"Umelalaje?"

"Hilo nalo limo katika fomu?"

"Halimo."

Oneida aliupaka mkate siagi, taratibu. "Kitanda ni chembamba, ukuta uko puani. Lakini nimeamka peke yangu bila kuachwa na mtu."

Kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaendelea. Oneida aliisoma fomu mara mbili, akasahihisha herufi moja katika jina la daktari, akatia sahihi.

Aliinuka, akavuka jiko, akaingia katika kile chumba kingine. Aliyavua mashuka ya kitanda kikubwa, ambayo hayakuwa yamefuliwa tangu mazishi, akatoka nayo yakiwa yamemjaa kifuani. Dreama alitaka kumpokea.

"Niachie," alisema Oneida. "Wewe ipeleke hiyo fomu."