Geti la Igogo Siku ya Treni ya Wageni

Siku hiyo Mashimba, mkaguzi wa njia ya reli, alifika getini jua likiwa bado nyuma ya mawe. Alimkuta Evelina, mlinzi wa geti, ameshafagia mbele ya kibanda, ameshasali rozari yake, na bendera zake mbili, nyekundu na kijani, ameziegemeza mlangoni.

"Shikamoo, Mama Sabina."

"Marahaba, baba. Umewahi."

"Leo sitaki mchezo. Saa nane kamili funga, na usifungue kwa mtu wala kwa ng'ombe mpaka treni ya wageni ipite. Ile si treni, ni hoteli inayotembea. Ya kizamani kabisa, kama zile za enzi za babu zetu. Ndani mbao tupu, zinang'aa. Kuna vitanda, kuna mabafu."

Odongo, kijana wa bodaboda ambaye kijiwe chake kilikuwa hapo hapo kando ya geti, akadakia, "Bafu ndani ya treni? Sasa ikikata kona, mtu si anajikuta anaogea kwa jirani?"

Mashimba hakucheka. "Miaka mingi haijafika Mwanza, na sijui kama itarudi. Stesheni wamepaka chokaa mpaka mashina ya miti. Wamewaleta wacheza ngoma kutoka Bujora. Ikitokea aibu hapa getini, Mama Sabina, mimi na wewe tutakwenda kulima." Akawasha pikipiki yake akaondoka.

Evelina alikuwa mjane mwaka wa tisa. Marehemu mumewe alifanya kazi katika genge la kutengeneza njia, akibadilisha mataruma ya kulazia reli na kusukuma kokoto, na alipofariki wakubwa walimhurumia mkewe wakampa kulinda geti. Elimu yake ilikuwa darasa la saba, lakini kanuni za geti alizijua kama anavyoijua sala ya Nasadiki: funga mapema, piga simu stesheni kabla ya kufungua, na ukiwa na shaka simama na nyekundu. Miaka yote hiyo hajapoteza hata kuku wa mtu.

Tena geti lenyewe lilitaka mtu wa macho. Barabara pale imebanwa na mawe mawili makubwa, huwezi kuzunguka. Reli nayo inatoka upande wa kusini ikiwa imezama katikati ya miamba, inakata kona, halafu ghafla iko mbele yako. Kutoka konani hadi getini ni hatua mia mbili na kidogo. Na kibao cha kumwambia dereva apige honi kimesimikwa hapo hapo konani.

Siku hiyo Evelina hakuwa na raha tangu alfajiri, na sababu haikuwa treni peke yake. Mzee Nkwabi wa jumuiya yao alikuwa amefariki, na makaburi yapo ng'ambo ya reli, juu kilimani. Mjane wake, Bernadeta, ndiye aliyelala na Evelina sakafuni siku zote za matanga ya mume wa Evelina mwenyewe, akimlazimisha kunywa uji. Jana yake Evelina alimfuata Shigela, mtoto mkubwa wa marehemu, akamwambia, "Mwanangu, piteni kabla ya saa nane. Baada ya hapo mimi sina uwezo." Shigela akaapa kwamba saa saba watakuwa wamepita.

Saa saba haikupita maiti. Saa nane Evelina akashusha lile bomba refu lenye rangi nyekundu na nyeupe, akalifunga kwa mnyororo. Saa nane na nusu, ambayo ndiyo saa ya treni, ikapita. Ikaja saa tisa. Magari yakapanga foleni, honi zikaanza. Upande wa ziwa wingu zito lilikuwa limeota, likisogea taratibu bila kelele, na upepo wake ukanuka maji.

Saa tisa na dakika ishirini msafara wa mazishi ukafika, umechelewa kwa sababu zile zile za siku zote za misiba: mtu wa kusubiriwa, gari la kuazima, karatasi ya kusainiwa. Mbele pikapu yenye jeneza, nyuma waombolezaji kwa miguu, zaidi ya mia, wanaimba.

Shigela akateremka mbio. "Mama mdogo, tusaidie. Padre ameshatangulia, yuko makaburini. Lile kaburi tumelichimba siku mbili, mwamba chini, mchanga juu. Mvua ikinyesha kingo zinaanguka zote."

"Nimekwambia jana, mwanangu."

"Ulisema. Nimekosa mimi. Lakini yeye aliyelala humo hajakosa."

Evelina akaingia kibandani akapiga simu stesheni. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Akampigia Mashimba, huko nako ikaita mpaka mwisho. Wote walikuwa jukwaani, aliwaza, na zile ngoma masikioni nani atasikia simu.

Alipotoka, watu walikuwa wamesogea mpaka kwenye bomba.

"Mama, hilo geti la mbinguni?" mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Hata Petro angeshafungua."

"Petro ana kitabu cha majina," Evelina akajibu. "Mimi nina bendera tu. Rudini nyuma."

Wachache wakacheka, wengine wakaguna. Mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka isikike, kwamba kuna watu wakipewa filimbi wanasahau na wao walizikiwa. Neno hilo likamwingia Evelina kama mwiba wa samaki, lakini hakugeuka. Aliyemshinda ni Bernadeta. Bernadeta aliteremka kwenye pikapu, akaketi juu ya jiwe, kanga kichwani, akamtazama Evelina mara moja, kisha akatazama chini. Hakuomba kitu. Afadhali angeomba.

Tone la kwanza likaanguka kwenye mkono wa Evelina. Akasema moyoni, Bwana, nionyeshe. Halafu akaanza kupima, kama alivyozoea kupima kila kitu. Gari hapana, gari likizimika juu ya reli, nani atalisukuma. Lakini watu wanaotembea wanapita kwa dakika tatu, nne. Na ile treni ni ya kizamani. Utotoni kule Malampaka aliziona treni za kizamani: moshi uliinuka juu ya mashamba ya pamba kabla hujasikia mlio wowote, ukawa na muda wa kumfungua mbuzi, kuita wenzako na kukimbia kwenda kuangalia. Moshi ungemwambia mapema. Angani kusini hapakuwa na kitu.

"Odongo," akaita. "Panda juu ya jiwe lile. Angalia kusini. Ukiona moshi tu, hata kidogo kama wa jiko, piga kelele."

"Nikiona moshi, Mama, hata Ukerewe watanisikia."

Kisha akamgeukia Shigela. "Gari linabaki. Mbebeni begani. Jeneza kwanza, kina mama wafuate, kwa mkupuo mmoja, hakuna kusimama katikati. Nikipiga filimbi kila mtu anarudi alikotoka, hata kama ni askofu."

Akafungua mnyororo. Ndoano ikakataa mara mbili. Akainua bomba.

Wanaume sita wakalichukua jeneza, na wimbo ukapanda juu. Walikwenda polepole, kwa maana kokoto zinateleza na jeneza la mninga lina uzito wake. Evelina alisimama pembeni ya reli, filimbi mdomoni, bendera nyekundu kwapani, macho kusini. Anga safi. Odongo juu ya jiwe, kiganja usoni, anatazama angani. Wabebaji wakafika kwenye reli ya kwanza. Yule wa mbele kushoto akajikwaa kwenye taruma, wakasimama kujipanga.

Hapo konani, kule reli inakotokea kwenye miamba, huwa wanashinda makorongo, wale wakubwa wenye vipara, wanangojea mabaki ya dagaa. Watu wakipita hawajali. Mbwa akiwabwekea hawajali. Evelina aliwaona wakiinuka wote kwa pamoja, saba au wanane, wakipiga mabawa yao mazito kama wanaokung'uta mikeka.

Hapakuwa na moshi. Na wakati huo huo moyo ukamwuliza swali ambalo akili yake haikuuliza tangu asubuhi: nani alikwambia kwamba ina moshi?

Akapuliza filimbi kwa pumzi yake yote na kuanza kukimbia. Alikimbilia kule kule konani, akiruka mataruma, kitenge amekikunja mpaka magotini, bendera juu ya kichwa. Wimbo nyuma yake ukakatika. Mtu akalia. Hakugeuka kuona kama wamerudi au wamesonga, kwa kuwa kugeuka kungekula hatua. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na magoti yalikuwa yanamwambia hivyo. Alihesabu mataruma badala ya kusali, kisha akasali badala ya kuhesabu.

Treni ikatokea. Mbele yake hakikuwa kitu cha kizamani hata kidogo. Kilikuwa kichwa cha dizeli, kile kile kinachovuta mabehewa ya saruji kila wiki, taa moja kubwa inawaka mchana. Honi ikalia na kumjaa Evelina kifuani. Akasimama katikati ya reli, akapeperusha nyekundu kwa mikono miwili, akaona uso wa dereva nyuma ya kioo, mdomo wazi. Chuma kikapiga ukelele juu ya chuma. Alingoja mpaka aliposikia joto la lile dude, ndipo akajitupa pembeni kwenye kokoto.

Kikampita. Behewa la kwanza likampita, la pili, rangi yake nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee, herufi za dhahabu, mapazia. La tatu likapita nusu, likatikisika, likasimama.

Akainuka. Kiwiko kilikuwa kinavuja damu. Akatembea kando ya mabehewa kuelekea getini, na hayo ndiyo yalikuwa matembezi marefu kuliko yote maishani mwake, maana kichwa cha treni kilimziba asione kilichoko mbele. Madirishani wageni wazee walikuwa wanachungulia, mmoja ameshika leso yenye mvinyo uliomwagika.

Kati ya kichwa cha treni na geti palikuwa na nafasi ya kutosha pikapu mbili. Jeneza lilikuwa bado juu ya reli. Wabebaji sita hawakukimbia. Shigela alieleza baadaye kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwachia mzee wake aanguke. Kina mama walikuwa wamerudi nyuma, wote isipokuwa Bernadeta, aliyekuwa amesimama kati ya reli mbili, kiganja juu ya jeneza.

"Vukeni," Evelina akasema. Akawaonyesha ng'ambo kwa bendera. Akarudia, "Vukeni, jamani."

Wakavuka. Odongo alikuwa ameshashuka kwenye jiwe, analia kama mtoto. "Mama, nilikuwa natazama moshi. Haki ya Mungu sikuondoa macho."

"Najua. Mimi ndiye niliyekutuma moshi."

Dereva wa treni aliteremka. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, jasho limemlowesha shati. Alitazama foleni ya waombolezaji, akavua kofia, akangoja mpaka wa mwisho alipovuka. Ndipo akatoa daftari.

"Geti ni la nani?"

"Langu."

"Lazima niandike kwa nini nimesimama." Akamsogelea, akashusha sauti. "Mama, huku ng'ombe hukatisha kila siku. Nikiandika ng'ombe hakuna atakayeuliza ng'ombe wa nani."

Shigela akadakia kutoka upande wa pili, "Au andika sisi tumevunja mnyororo. Watu mia hapa watashuhudia."

Evelina alitazama mnyororo uliokuwa unaning'inia mzima kwenye ndoano. Alitamani. Mungu anajua jinsi alivyotamani. Lakini akafikiria yule atakayekaa hapa baada yake, atakayesikia kwamba treni ya wageni ilisimamishwa na ng'ombe, naye hatajifunza lolote.

"Andika mlinzi alifungua bila ruhusa ya stesheni," akasema. "Andika alidhani ina moshi. Evelina, mjane wa Maige, genge la Igogo."

Dereva aliandika taratibu. "Watakuondoa."

"Andika, baba."

Evelina alifunga bomba, akanyoosha kijani, akaishika hivyo mpaka behewa la mwisho, lenye kibaraza cha vioo nyuma, lilipopita. Mabibi wawili wa kizungu walimpungia mkono. Hakuwa na mkono wa kuwajibu.

Mashimba alifika mvua ikiwa imeanza kurasharasha. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Alichukua bendera zote mbili na filimbi, akafungua geti kwa sababu treni nyingine ni ya kesho, akasema, "Usije mpaka uitwe, Mama Sabina."

"Na wewe je? Ulisema tutakwenda kulima wote."

"Nitajua ya kwangu." Akafuta maji usoni. "Nenda kamzike jirani yako."

Evelina alipanda kilima taratibu. Walikuwa wanateremsha jeneza haraka haraka, mchanga unamomonyoka pembeni, padre anasoma huku kitabu kimefunikwa kwa nailoni. Bernadeta akasogea, akamwachia nafasi kandoni mwake. Evelina akachota udongo uliolowa, akautupa.

Kutoka pale juu geti lilionekana vizuri, bomba limeinuliwa, kibandani hakuna mtu. Bajaji ikaja ikiwa imejaa magunia, haikupunguza mwendo, ikaingia kwenye reli. Ingawa alijua ratiba yote, Evelina alibana pumzi mpaka gurudumu la nyuma lilipovuka. Nyuma yake ikaja nyingine.